Bei Ni ya Anayeweza Kungoja

Kama umewahi kushuka Burnt Forest saa tano usiku ukiwa na koti la Nairobi, unajua baridi ninayoizungumzia. Alhamisi moja usiku nilikuwa ndani ya blanketi mbili, simu iko kwa chaji, nikiuza meza. Haikuwa meza ya kugusa. Ilikuwa meza ya mkangazi ndani ya Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni ambayo watu wa dunia nzima wanaingia, wanakata miti, wanavua samaki, wanapika, wanaunda fanicha na kuuziana. Meza yangu ilikula mbao sita. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba zile mbao ningeziuza hivyo hivyo, bila kuzigusa, zingenipa sarafu nyingi kuliko meza yenyewe. Nikaiuza tu.

Kesho yake nikampitia mjomba wangu kwenye kibanda chake, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Ni seremala. Amekuwa seremala tangu kabla sijazaliwa. Siku hiyo alikuwa ameuza meza ya sebuleni kwa shilingi 2,800. Nikamwomba tuhesabu vilivyoingia: mbao, gundi, misumari, msasa, vanishi, na pesa ya kupigia randa kwa mashine ya jirani. Ikafika 3,100. Siku mbili za mikono yake hatukuzigusa.

"Sasa kwa nini, anko?"

"Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kijana yangu. Mteja ameshawasha gari. Nyumbani hakuna unga. Wewe ungefanya nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimefanya jambo lilo hilo, tena nikiwa nimeshiba. Swali likanikaa: inakuwaje meza inakuwa rahisi kuliko mbao zake, huku kwetu na hata kwenye dunia ambayo miti yake ni picha? Nikaanza kusoma. Nilikotarajia historia ya michezo ya kompyuta, nikajikuta nasoma historia ya nyumbani.

*

Tuanze mwaka 1997. Mwezi wa Septemba, kampuni ya Origin Systems ya Texas, Marekani, ilitoa gemu iitwayo Ultima Online. Si gemu ya kwanza ya watu wengi kucheza pamoja, lakini ilikuwa kati ya za kwanza kuwakusanya maelfu kwa maelfu kwenye dunia moja na kuwaacha waishi humo. Ungeweza kuwa shujaa wa upanga. Ungeweza pia kuwa mshonaji, mhunzi, au seremala: unakata mti, unachana mbao, unaunda kiti, unatafuta wa kukinunua.

Wabunifu wake, wakiongozwa na Raph Koster, walikuwa wamepanga uchumi wa mduara. Mbao, chuma na ngozi vilikuwa na kiasi kilichowekewa mpaka. Kitu kikichakaa na kupotea, malighafi yake inarudi duniani, mti mwingine unaota, mwingine anaukata. Kwenye karatasi mpango huo ni mtamu sana. Kisha watu wakaingia, na watu ni watu: wakalimbikiza. Kila mmoja alijaza masanduku ndani ya nyumba yake, mashati juu ya mashati, na hakuna kilichochakaa kwa sababu hakuna kilichotumika. Malighafi ikaganda kwenye masanduku ya wachache na dunia ikaanza kukauka. Ikabidi mduara uachwe. Badala yake wakaweka bomba na shimo: upande mmoja vitu vipya vinamiminika kila siku, upande mwingine zipo ada na gharama za kuvitoa. Karibu kila gemu ya aina hii tangu wakati huo inaendeshwa hivyo. Anayeshika bomba ndiye anayeshika bei. Kumbuka hilo, tutalihitaji tukifika msituni.

Kulikuwa na jambo la pili. Ili ujuzi wako wa useremala upande, ulilazimika kuunda. Unaunda, unaunda tena, mpaka mkono wa mtu wako wa kwenye skrini uwe mwepesi. Matokeo yake viti vikawa vingi kuliko makalio. Aliyeviunda hakuwa anatafuta faida ya kiti, alikuwa anatafuta kupanda.

Na la tatu, ambalo mjomba alilipenda nilipomsimulia. Ukiwa na nyumba kwenye Ultima Online, ungeweza kuajiri muuzaji asiye binadamu, anaendeshwa na kompyuta, anasimama mlangoni pako kuuza vitu vyako mchana na usiku kwa bei uliyoipanga mwenyewe. Anakukata ada ya kila siku, na ukipandisha bei, ada nayo inapanda.

"Kwa hivyo hata huko kungoja kunalipiwa," mjomba akasema.

Kunalipiwa, anko. Tofauti ni kwamba huko, aliyesimama mlangoni hahisi baridi.

*

Mwaka 2001, mwezi wa Desemba, profesa wa uchumi aitwaye Edward Castronova, aliyekuwa akifundisha kwenye chuo kikuu cha umma pale Fullerton, California, aliweka mtandaoni utafiti juu ya gemu nyingine, EverQuest. Wachezaji wake walikuwa wanauziana sarafu na vitu vya gemu kwa dola za kweli kwenye minada ya intaneti. Castronova akachukua bei hizo, akapiga hesabu ambazo kwa kawaida hupigiwa nchi. Akapata kwamba saa moja ya kazi ndani ya gemu ile ilikuwa na thamani ya dola 3.42. Pato la kila mkaaji wake, akasema, liliiweka nchi ile isiyokuwepo kati ya Urusi na Bulgaria.

Watu wengi walicheka, na wengi bado wanaisimulia kama kichekesho. Mimi nilipoisoma nilikumbuka ripoti nyingine. Mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Wakati huo serikali na wasomi wengi walimwona fundi wa chini ya mti, mwenye mkokoteni na muuza mandazi kama watu wasio na kazi, watu wanaosubiri kazi. Ripoti ile ikasema hapana, hawa wanafanya kazi, tena kazi ya kuzalisha. Tatizo lao si uvivu, ni kwamba wanafanya kazi na bado ni maskini. Baadaye sisi wenyewe tukaipa sekta hiyo jina linaloeleweka: jua kali.

Ripoti hizi mbili zimetenganishwa na miaka 29 na hazina uhusiano wowote, lakini naziona kama ndugu. Kila moja ilikwenda kwa watu walioambiwa wanacheza tu, ikahesabu masaa yao. Ndilo jambo ambalo mimi na mjomba hatukulifanya Ijumaa ile. Tulihesabu hadi misumari tukayaruka masaa.

*

RuneScape ilianza Januari 2001, ikatengenezwa na Andrew Gower huko Uingereza. Useremala uliingia Mei 2006, ukiitwa ujenzi: unanunua nyumba, unaijaza fanicha uliyoiunda mwenyewe. Toleo ninalocheza, Old School, lilizaliwa 2013 kwa ajili ya wachezaji waliotaka gemu kama ilivyokuwa zamani, na Oktoba 2018 likaja kwa simu. Bila hiyo ya simu nisingekuwa na la kukusimulia, maana kompyuta nilikuwa naiona kampasi tu, na kampasi niliiacha mwaka wa pili karo iliponishinda.

Hivi ndivyo meza inavyotengenezwa humo. Gogo la mkangazi unalikata msituni au unalinunua. Unalipeleka kwenye kinu cha mbao. Mwenye kinu anakuchania kila ubao kwa ada isiyobadilika: sarafu 100 kwa mti wa kawaida, 250 kwa mwaloni, 500 kwa msaji, 1,500 kwa mkangazi. Meza yangu ya mbao sita, basi, ilikula sarafu 9,000 kwa kupasua peke yake, kabla ya kuhesabu magogo. Ukiiunda kwenye benchi la karakana unapata meza iliyofungashwa, unaweza kumuuzia mwingine akaiunge kwake.

Bei yake inaanguka chini ya mbao kwa sababu aliyeiunda ameshalipwa. Kila meza inakupa pointi za ujuzi, na pointi ndizo anazozitafuta. Kuna wachezaji wanaounda meza ya mkangazi ndani ya nyumba, wanaibomoa papo hapo mbao zikipotea bure, wanaunda nyingine, wanabomoa, usiku kucha. Meza ni makapi ya kujifunza. Soko linalijua hilo na linainunua kama makapi.

Nilimweleza mjomba nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema yeye alisomea kazi kwa fundi mmoja mjini Eldoret, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka wa kwanza hakulipwa. Viti alivyounda viliuzwa bei ya kutupa, na pesa ikaingia mfuko wa fundi. "Lakini nilitoka na mkono," akasema, akaunyoosha mkono wa kulia, ule usio na ncha ya kidole cha shahada.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kwanza. Kwenye gemu, ujuzi umeandikwa. Levo yako ni namba, mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye orodha na kuiona. Anayeuza meza kwa hasara akiwa levo ya 52 anajua amenunua nini na hasara hiyo: levo ya 53. Mjomba ameshapanda levo zote. Hasara ya 300 aliyopata Ijumaa haikumfundisha chochote asichokijua. Na mteja aliyeshusha kioo cha gari aliona meza tu, hakuona miaka 30.

*

Hadi Novemba 2007, ukitaka kuuza kitu RuneScape ulisimama mahali penye watu ukipiga kelele kwa maandishi, kama manamba wa matatu. Mwezi huo wakafungua Grand Exchange, soko kuu. Unaweka bidhaa yako na bei yako, unaenda zako. Mnunuzi akitokea, hata ukiwa umelala, mfumo unauza na kukuwekea sarafu. Mwanzoni bei zilikuwa na mipaka: hukuweza kupita asilimia 5 juu wala chini ya bei elekezi. Kisha, kati ya Desemba na mwanzoni mwa Januari, ili kuwazuia wanaouza sarafu kwa pesa za kweli, kampuni ikapiga marufuku biashara isiyo na uwiano. Hukuweza tena kumpa rafiki kitu cha thamani bila yeye kukurudishia cha thamani inayokaribiana. Wachezaji waliandamana humo ndani, wengi wakahama kabisa. Biashara huru ilirudi Februari 2011.

Nilipozisoma tarehe hizo nililazimika kuiweka simu chini kidogo. Desemba 2007. Januari 2008. Kwa mtu wa Burnt Forest, miezi hiyo haina maana nyingine.

Nilikuwa na miaka minane. Sitataja kabila letu hapa, kwa sababu ukilijua utaanza kusoma sentensi zinazofuata kwa jicho jingine. Inatosha ujue kwamba matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya Desemba 30, na kufikia mwaka mpya tulikuwa miongoni mwa watu waliolala kwenye uwanja wa kanisa. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na miti iliyokatwa. Mama alibeba nguo na sufuria. Mjomba alibeba gunia lenye randa, patasi tatu na msumeno. Mke wake alimgombeza, "Unaacha blanketi unabeba vyuma?" Kibanda kilichomwa, pamoja na makochi yaliyokuwa yanangoja vitambaa na kitanda kimoja kilichokuwa kimelipiwa nusu. Kwake haikuwa mara ya kwanza kukimbia. Desemba 1992, akiwa bado anasomea kazi, aliona moshi wa nyumba za mji huu huu. Jina la mji ni la msitu ulioungua, na watu wa nje wanalifanyia utani. Sisi huwa hatuanzi.

Mei 2008 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Familia iliyorudi iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa ajili ya nyumba iliyoharibiwa. Waza sasa kama mchumi. Mji mzima hauna vitanda. Hauna meza, hauna stuli, hauna milango. Mafundi ni wachache na wana vyuma vyao. Kitabu kinasema bei ya kitanda itapanda hadi mawinguni.

Haikupanda. Mjomba anasema mwaka ule aliuza vitanda vingi kuliko mwaka wowote wa maisha yake, na hakuwahi kuwa maskini kama mwaka ule. Aliuza kwa mkopo. Aliuza kwa gunia la viazi. Aliuza kwa maziwa, lita mbili kila asubuhi hadi kitanda kiishe. Siku moja akaja mtu aliyekuwa jirani kabla ya Desemba, na ambaye mjomba aliamini alisimama upande wa pili wa mawe yale barabarani. Alitaka kitanda cha watoto. Mjomba akamtajia bei ile ile aliyomtajia kila mtu, iliyokuwa chini ya mbao.

"Ungemwongezea, anko. Angelipa."

"Angelipa," akasema. "Na angejua ile ya juu ni ya nini."

Yule mtu alilipa kwa awamu tatu. Hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyetoa. Mpaka leo akipita anasalimia, na mjomba anaitikia.

Kwa hivyo kuuza kwa hasara si jambo moja. Mimi nilinunua levo. Yeye, mwaka 2008, alinunua salamu ya jirani, na kwa maoni yangu hakuna aliyewahi kununua kitu cha maana zaidi kwa kitanda kimoja. Lakini zote mbili zilikuwa hasara za kuchagua. Ijumaa ile ya 2,800 hakuchagua. Alichaguliwa na saa kumi na mbili jioni.

*

Twende sasa msituni, nilikokuambia tutafika.

Ukitoka Burnt Forest kuelekea Nakuru unapanda Timboroa, mahali ambapo reli ilipita kwenye mojawapo ya vilele vya juu kabisa vya reli zote za Afrika Mashariki kabla ya kufika Eldoret mwaka 1924. Enzi za ukoloni, vinu vya mbao vilisimama kwenye nyanda hizi za juu, vikila mitarakwa na miti mingine ya asili. Palipofyekwa, idara ya misitu ilipanda saiprasi na paini katika mistari iliyonyooka, na hiyo ndiyo mbao ambayo mafundi wetu wameijua maisha yao yote. Ni msitu wa mtu mwenye rula. Unapandwa ili ukatwe, na kuna anayeamua ukatwe lini na nani.

Mwaka 1999, baada ya misitu kuvamiwa vibaya, serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu yake. Kampuni chache kubwa zikaachiwa ziendelee, zikiwemo Pan African Paper Mills ya Webuye, RaiPly ya Eldoret na Timsales. Mafundi wadogo na vinu vidogo hawakuwa kwenye orodha hiyo. Februari 2018, mito ikiwa imekauka na nchi ikilalamika, William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, alitangaza kusimamishwa kwa ukataji kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena. Marufuku hiyo aliiondoa mwenyewe akiwa Rais, Julai 2023, akihutubia ibada Molo. Zaidi ya miaka mitano.

Sisemi msitu haukuhitaji kupumzishwa. Mimi hunywa maji ya huko juu. Ninachosema ni kwamba bomba lilifungwa, na bomba linapofungwa hawaumii wote sawa. Mwenye bohari iliyojaa mbao kavu, bidhaa yake ilipanda thamani akiwa amelala. Mjomba hununua mbao za meza moja, anaiuza, ananunua za meza nyingine. Hana bohari. Bei ya futi ilipanda wiki baada ya wiki, naye akageukia mikaratusi ya mashambani, ambayo ikikauka vibaya inajikunja kama sikio la mbwa. Wateja wakarudisha milango. Aliitengeneza upya bure.

Wale wachezaji wa 1997 waliojaza mashati kwenye masanduku hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na sanduku tu. Ukiwa na sanduku unaweza kungoja, na ukiweza kungoja, bei inakuja kwako kwa miguu yake.

*

Utaniuliza: sasa wewe na meza yako ya mkangazi, haraka yako ilikuwa ya nini? Useremala kwenye gemu hii ni wa wanachama, na uanachama unalipiwa. Mimi sina kadi ya benki ya kulipia, lakini kuna hati inayouzwa kwa sarafu za humo humo, na inakupa siku 14. Kila baada ya siku 14 lazima niwe na sarafu za kutosha, la sivyo nafungiwa nje ya karakana yangu. Alhamisi ile zilikuwa zimebaki saa tatu. Hiyo meza ningeiweka sokoni kwa bei nzuri nikalala, ingeuzwa Jumamosi au Jumapili. Ni yale yale ya mjomba: ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na gari limewashwa. Hata kwenye dunia ya picha nilijitengenezea kodi ya nyumba.

Siwezi kulinganisha kufungiwa nje ya gemu na kukosa unga. Lakini umbo la tatizo lilikuwa moja, na kwenye gemu suluhisho lake nililijua: punguza matumizi siku kumi za kwanza, weka akiba ya hati moja mbele, kisha uza polepole. Nilifanya hivyo. Ndani ya mwezi sikuwa nauza tena chini ya mbao, ila pale ninapotaka levo.

Nikamletea mjomba daftari. Safu ya kwanza vifaa, ya pili masaa, ya tatu bei. Safu ya kwanza akaijaza vizuri, mwandiko wake mdogo ulionyooka kama mistari ya saiprasi. Ya pili akaiacha tupu wiki mbili. Nikamuuliza.

"Nikiandika masaa nitalia," akasema. Alikuwa anatabasamu, lakini kalamu aliirudisha mfukoni.

Tukakubaliana jambo dogo. Makala ikilipa, na wewe msomaji unajua makala huwa zinalipa lini, natoa shilingi 3,000 za unga na matumizi ya wiki. Katika wiki hiyo mjomba anaunda kitu kimoja jinsi anavyojua, bila kukimbia, na hicho kitu kinapewa bei yake yenye masaa ndani, na kinangoja. Kingine chote kiuzwe kama kawaida. Kimoja tu kingoje.

Cha kwanza kilikuwa meza ya sebuleni, ya mtarakwa aliouokota kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa, mbao nyekundu ambazo ukizipiga randa kibanda kizima kinanukia kama penseli iliyochongwa. Masaa 19. Alilia? Hapana. Alinyamaza akiangalia ile namba, kisha akaandika 6,500 kwenye kipande cha katoni.

Jumamosi moja gari likasimama. Mwanamume akashuka na mkewe, wakaipapasa, wakainama kuangalia viungo chini. Mke akasema ni nzuri. Mume akasema 3,500. Mjomba akasema 6,500, mzee, tena kwa heshima zote. Wakafika 4,500. Niliona mkono wa mjomba ukitafuta kitu cha kushika, ukakuta kitambaa cha vanishi, ukakishika. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili.

"Hiyo inangoja," akasema.

Gari likaondoka. Tulilitazama hadi lilipopotea kwenye ukungu wa kuelekea Timboroa, na hakuna kati yetu aliyekuwa na uhakika kwamba tumefanya jambo la akili.

Hiyo ni wiki ya kumi na moja sasa. Mvua ilipoanza kuingia kibandani tuliileta meza nyumbani, na usiku naiwekea simu juu yake nikicheza. Katoni bado iko chini yake, imeandikwa bei. Mjomba akija chai anainama kwanza kuikagua kama imepata mkwaruzo.